Kadi ya mtandao ambayo haiko: historia ya uongo mmoja ndani ya serveri zetu

Wandugu, kila tunapoongea hapa juu ya serveri za kukodi, hakukosi mdogo mmoja wa informatike anayeuliza: hiyo mashini ninayolipa kila mwezi iko wapi hasa? Jibu la haraka ni kwamba iko ndani ya jumba fulani huko Ulaya ao Afrika ya Kusini. Ni jibu la nusu tu. Jumba liko, chuma kiko, umeme uko. Lakini mashini yenyewe, ile ambayo Linux yako inaamini inaishi ndani yake, haiko. Ukiiuliza Linux hiyo inatumia kadi gani ya mtandao, mara nyingine itakuambia bila haya kwamba ni Intel 82540EM, kadi ya mwanzo wa miaka ya 2000 ambayo pengine hakuna fundi wa jumba lile aliyewahi kuishika mkononi.

Kuna programu inayoigiza kadi. Kazi yake yote ni kujibu vizuri kila mara Linux yako inapogusa anwani fulani za kumbukumbu.

Leo ninataka kuandika historia ya uongo huo. Wengi wanaisimulia historia ya mashini pepe sawa vile ni historia ya prosesa: prosesa zilikuwa zabaya, Intel ikaleta dawa, tukapona. Mimi sikubaliani nao sana. Kugawa prosesa na kumbukumbu kulieleweka mapema. Shida iliyodumu miaka zaidi ya hamsini ni vifaa: diski, kadi ya mtandao, saa, mashini ya kuchapa. Na ukifuata vifaa, unaona kitu ambacho historia ya prosesa inakificha: kila kizazi kimeanza kwa kumdanganya mgeni, kikaishia kwa kupatana naye.

Nieleze maneno kwanza. Hipavaiza ni programu inayokaa chini ya mifumo kama Linux na Windows, ikigawia kila mmoja kipande chake cha chuma. Mfumo unaokaa juu yake tunauita mgeni. Mgeni hajui kwamba ni mgeni. Yeye anafikiri parsele yote ni yake, kuanzia mlango mpaka choo cha nyuma. Kile anachokiona, tunakiita mashini pepe.

Habari inaanza Cambridge, ile ya Massachusetts kule Marekani. Mwaka 1964 IBM ilifungua pale kituo cha utafiti chini ya Norm Rasmussen. Robert Creasy na Les Comeau walichukua kompyuta ya System/360 Model 40, wakaiongezea chombo cha kutafsiri anwani za kumbukumbu, na juu yake wakajenga mfumo waliouita CP-40. Mwezi wa kwanza wa 1967 ulikuwa unafanya kazi: mashini pepe mpaka 14 kwa wakati mmoja, juu ya chuma kimoja. Nyuma yake ikaja CP-67, juu ya Model 67.

Sasa fikiri shida yao. Prosesa unaigawa kwa zamu, kila mtu dakika yake. Kumbukumbu unaikata kurasa kurasa. Lakini mashini ya kusoma kadi za karatasi utaikata namna gani kati ya watu 14? Na mashini ya kuchapa je? Wageni wawili wakichapa pamoja, mstari wa huyu utaingia katikati ya barua ya yule.

Jibu la IBM lilikuwa la akili sana. Katika System/360, kuamuru kifaa kulikuwa na agizo lake la pekee, SIO, na agizo hilo liliruhusiwa kwa mfumo mkuu tu. Mgeni akilitumia, prosesa inakataa na kumwita CP. CP inasoma mgeni alitaka nini, inabadilisha anwani zake za uongo kuwa anwani za kweli, kisha inafanya kazi kwa niaba yake. Diski kubwa ilikatwa vipande, kila mgeni akapewa kipande anachokiona kama diski nzima. Kadi za karatasi zilisomwa mapema na kuwekwa kwenye diski. Mgeni alifikiri anasoma kadi, kumbe anasoma diski. Njo maana ya kutega na kuiga: unangojea mgeni afike kwenye mlango wa vifaa, unamsimamisha, unaiga kifaa, unamwachilia aendelee. Mlango ulikuwa mmoja na mlinzi mmoja alitosha.

Lakini hata hapo, miaka ile ile, uongo ulianza kuwa ghali. Kutafsiri programu ya mgeni ya kuongoza diski kulikula muda mwingi. Basi watu wa Cambridge wakafanya kitu ambacho kitarudi mara tatu ao ine katika historia hii. Kulikuwa na agizo moja, DIAGNOSE, lililowekwa kwa ajili ya mafundi wa kupima chuma. Waliligeuza kuwa njia ya kuongea. CMS, mfumo mdogo waliouandika wenyewe kuishi ndani ya mashini pepe, haukuhitaji tena kujifanya unaongoza diski ya kweli. Uliambia CP waziwazi: ninaomba kipande hiki. VM/370 ilipotangazwa tarehe 2 Agosti 1972, CMS haikuweza hata kuishi tena juu ya chuma kitupu. Mgeni alikuwa amekwisha kujua kwamba ni mgeni, na alikuwa amekubali.

Wakati IBM wanafurahia mlango wao mmoja, kampuni nyingine ya Massachusetts, DEC, ilivunja ukuta mzima. Mwaka 1970 ilileta PDP-11. Ndani ya PDP-11 hakuna agizo lolote la vifaa. Hata moja. Kila kifaa kimepewa anwani ndani ya kumbukumbu, sawa vile ni kumbukumbu ya kawaida. Kati ya kilobaiti 64 ambazo programu inaweza kuona, kilobaiti 8 za juu ziliachwa kwa vifaa. Ukitaka kuchapa herufi A kwenye mashini ya meza, unasoma anwani 177564, kwa hesabu ya msingi wa 8, mpaka biti moja ikuambie kwamba mashini iko tayari, kisha unaandika 65 kwenye anwani 177566. Unatumia agizo lile lile la MOV unalotumia kuhamisha namba yoyote. Herufi inatoka kwenye karatasi.

Ukiwa fundi wa kuandika programu za vifaa, hiyo ni raha. Karibu chuma chote unachotumia leo kimefuata njia hiyo. Simu yako yenye prosesa ya ARM haina agizo la vifaa hata moja. Lakini jiweke mahali pa hipavaiza. Mlango umepotea. Kila agizo linalogusa kumbukumbu linaweza kuwa hesabu ya kawaida, ao linaweza kuwa amri kwa diski. Kwa sura, huwezi kuzitofautisha. Utaweka mlinzi wapi?

Mwaka 1974 Gerald Popek wa UCLA na Robert Goldberg walichapisha makala ambayo kila mwalimu wa somo hili anaitaja: ni masharti gani prosesa itimize ili iweze kubeba mashini pepe. Kwa ufupi, kila agizo lenye hatari lazima linaswe likitumiwa na asiye na ruhusa. Ni makala nzuri, na nadharia yake imesimama. Ila angalia kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka: kwa kurahisisha hesabu, walisema wazi kwamba katika mfano wao maagizo ya vifaa hayako, yataongezwa baadaye. Donc nadharia yenyewe ya mashini pepe ilizaliwa ikiwa imefunga macho mbele ya vifaa. Mwaka uliofuata Popek na Charles Kline walieleza kazi yao juu ya PDP-11/45 waliyoirekebisha ili ibebe mashini pepe, na hapo hakuna tena nafasi ya kufunga macho, juu PDP-11 ni vifaa ndani ya kumbukumbu kutoka juu mpaka chini.

Dawa ni shimo. Hipavaiza njo inachora ramani ya kumbukumbu ya mgeni: ukurasa huu wa mgeni uko hapa ndani ya chuma, ule uko pale. Mahali ambapo kifaa kingepaswa kuwa, haichori kitu. Inaacha pengo kwa makusudi. Mgeni anatembea na MOV zake bila wasiwasi, anafika kwenye anwani ya kadi ya mtandao, anakanyaga, na anaanguka. Prosesa inamsimamisha pale pale na kuamsha hipavaiza: huyu amegusa mahali pasipo kitu. Mlinzi hana tena haja ya kukaa mlangoni. Ardhi yenyewe inamwita.

Mtu atauliza: kwa nini usimpe tu ukurasa wa kumbukumbu ya kweli pale, aandike anachotaka, nawe usome baadaye? Hapa njo utamu wa jambo. Anwani ya kifaa inafanana na kumbukumbu kwa nje tu. Chukua ile kadi 82540EM. Ina rejista moja, kwenye nafasi C0 kwa hesabu ya msingi wa 16, inayoeleza kwa nini kadi imeita prosesa. Ukiisoma, inajifuta. Kusoma kwenyewe ni kitendo. Ukisoma mara mbili, mara ya pili utakuta sifuri. Rejista nyingine, kwenye nafasi 3818, ukiandika namba ndani, kadi inaanza kutuma paketi. Kumbukumbu ya kawaida inaweka namba na kunyamaza. Kifaa kinafanya kitu. Kwa hiyo kila mguso lazima uonwe, kwa mpangilio wake, wakati ule ule unapotokea. Huwezi kuchelewa wala kukusanya.

Na mgeni akisha kuanguka shimoni, hipavaiza bado haijui alitaka nini. Inajua anwani. Inajua kama alisoma ao aliandika. Lakini aliandika namba gani, kutoka rejista gani ya prosesa, baiti ngapi? Hiyo iko ndani ya agizo lenyewe. Basi hipavaiza inapaswa kurudi ndani ya kumbukumbu ya mgeni, kuchukua baiti za lile agizo, na kulisoma sawa vile prosesa ingelisoma. Kwenye familia ya prosesa za Intel, agizo moja linaweza kuwa na urefu wa baiti 1 mpaka 15, na maumbo yasiyohesabika. Ni kusema unaandika prosesa nzima ndogo ndani ya programu yako, ili tu ujue mgeni alitaka kuandika 65.

Tuje kwa Intel. Kompyuta ya PC ya 1981 ilirithi njia mbili pamoja. Kulikuwa na milango ya pekee ya vifaa, 65,536 kwa hesabu, yenye maagizo yake IN na OUT. Kulikuwa pia na vifaa ndani ya kumbukumbu: herufi za skrini ya rangi zilikaa kuanzia anwani B8000. Kadri miaka ilivyokwenda, na hasa tangu PCI ilipokuja 1992, kadi zilizidi kuomba nafasi ndani ya kumbukumbu. Juu ya hayo, prosesa yenyewe ilivunja masharti ya Popek na Goldberg: John Scott Robin na Cynthia Irvine walihesabu mwaka 2000 maagizo 17 ya Pentium yasiyonaswa vizuri. Watu wengi walikuwa wamekata tamaa.

Lakini VMware ilikuwa imekwisha kupita. Ilianzishwa 1998 na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu, na 1999 ikauza programu iliyoendesha mfumo mzima ndani ya dirisha la mwingine. Kuhusu prosesa walitumia mbinu ya kuandika upya maagizo ya mgeni wakati anatembea. Kuhusu vifaa walichagua kitu cha kawaida kabisa, na mimi ninaona hapo njo hekima yao: badala ya kubuni kadi mpya, waliiga kadi ya mtandao ya AMD, Lance, ambayo karibu kila mfumo wa wakati ule ulikuwa tayari na programu yake. Mgeni anawashwa mara ya kwanza na anaikuta kadi anayoifahamu. Hakuna cha kusakinisha. Uongo mzuri ni ule unaotumia sura ambayo mtu ameizoea.

Mwaka 2003 Mfaransa mmoja, Fabrice Bellard, alitoa QEMU, programu huru inayoiga kompyuta nzima: prosesa, diski, kadi, kibodi, hata mashini ya disketi. Ni yeye pia aliyeanzisha FFmpeg, na kama umewahi kugeuza video kwenye kompyuta yako, pengine umekwisha kutumia kazi yake bila kujua. Kisha Intel ikaleta prosesa zenye msaada wa mashini pepe mwishoni mwa 2005, AMD ikafuata 2006. Wengi walingojea muujiza. Mwaka ule ule 2006, Keith Adams na Ole Agesen wa VMware walipima na kuonyesha kwamba msaada ule wa kwanza mara nyingi haukuzidi mbinu ya zamani ya programu. Sababu moja kubwa ni kuanguka kwenyewe: kila mara mgeni anaanguka kwa hipavaiza na kurudi, prosesa inabeba hali yake yote na kuibadilisha, na safari hiyo ilikula mizunguko mingi mno. Chuma kilileta mtego mzuri zaidi. Hakikupunguza mara ngapi mgeni anaanguka.

Katika mazingira hayo, Avi Kivity wa kampuni ya Israeli iliyoitwa Qumranet alitangaza KVM mwezi wa kumi 2006, na Februari 2007 ilikuwa ndani ya Linux 2.6.20. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa wa uvivu, kwa maana nzuri ya neno. KVM haikuiga karibu kifaa chochote. Ilimwachia Bellard. Mgeni akigusa shimo, KVM inasoma agizo lake, kisha inaiamsha QEMU na kumpa karatasi fupi sana: anwani ni hii, baiti ni ngapi, data ni hii isiyozidi baiti 8, na ni kuandika ao kusoma. QEMU inaangalia ramani yake, inaona anwani hiyo ni ya kadi ya mtandao, inaita sehemu inayoiga kadi, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Karatasi ile bado iko hivyo mpaka leo.

Kwa wale wanaotafuta mada ya TFC na wanalalamika eti hawana maabara: karatasi hiyo unaweza kuiona kwa macho yako. Laptop yoyote yenye Linux na prosesa ya miaka hii inatosha, hata bila intaneti. Programu fupi ya C inafungua /dev/kvm, inamwandalia mgeni ukurasa mmoja wa kumbukumbu na maagizo machache, inaacha shimo, na inangojea. Mgeni akigusa shimo, wewe njo unakuwa kifaa. Ninajua odituari nyingi ambako somo hili linafundishwa kwa mchoro wa ubao tu, masanduku matatu na mishale. Mchoro hauonyeshi kwamba mgeni amesimama, amekamatwa katikati ya agizo, akingojea ujibu.

Nirudi kwenye mwendo. Mfano mbaya kabisa wa gharama ni Windows XP. Ilikuwa na tabia ya kugusa mara kwa mara rejista moja ya chombo kinachopanga miito ya vifaa, APIC, ambacho anwani yake ni FEE00000 na kuendelea. Juu ya chuma cha kweli mguso huo ni kazi ndogo. Ndani ya mashini pepe kila mguso ni kuanguka. Watu wa KVM na QEMU walifikia hatua ya kuingia ndani ya kumbukumbu ya Windows na kubadilisha maagizo yenyewe, ili yasiguse tena pale. Kufikia hapo, ni nani anamdanganya nani?

Basi kupatana kukarudi, sawa vile kulivyorudi kwa IBM. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ya Uingereza safari hii, ilikuwa imesema tangu 2003: tumwambie mgeni ukweli, abadilishwe kidogo ili aongee na hipavaiza kwa njia fupi. Rusty Russell, Mwaustralia, akaona kwamba kila hipavaiza ilikuwa inaanza kubuni lugha yake ya pekee, akatengeneza virtio, iliyoingia Linux mwanzoni mwa 2008. Wazo ni dogo. Kadi ya zamani ilitaka iguswe mara nyingi kwa kazi moja. Virtio inaweka duara la maombi ndani ya kumbukumbu ya kawaida ambayo mgeni na mwenyeji wote wanaiona. Mgeni anaandika paketi zake pale, kumi, ishirini, bila kuanguka hata mara moja. Akimaliza anagonga kengele: mguso mmoja kwenye anwani moja ya kifaa. Shimo halikuondoka, lakini sasa linakanyagwa mara moja badala ya mara kumi. Na kwa kuwa kila mtu anajua kengele hiyo ina maana gani, kiini cha Linux kinaweza kuamsha mhusika moja kwa moja bila kusumbua QEMU.

Ukikuta ndani ya serveri yako kifaa kinachoitwa virtio, ujue Linux yako imekwisha kuambiwa ukweli.

Sasa tuone bei ya uongo wa zamani, ile ambayo haihesabiwi kwa mizunguko ya prosesa. Tarehe 13 Mei 2015 Jason Geffner wa CrowdStrike alitangaza kosa lililopewa jina VENOM. Lilikuwa ndani ya sehemu ya QEMU inayoiga mashini ya disketi. Disketi, wandugu! Mwaka 2015! Sehemu hiyo ina kibakuli cha baiti 512 cha kupokea amri zinazokuja kupitia mlango wake. Kwa amri mbili fulani, hesabu ya nafasi haikurudishwa sifuri kwa wakati, na mgeni mwenye nia mbaya aliweza kuendelea kumimina baiti mpaka zimwagike nje ya kibakuli, ndani ya kumbukumbu ya mwenyeji. Kutoka hapo kulikuwa na njia ya kutoka kabisa nje ya mashini pepe na kuingia kwa jirani. Kosa lilikuwa pale tangu 2004. Liligusa QEMU, KVM, Xen na VirtualBox, juu wote walikuwa wamerithi msimbo ule ule. Na hata aliyezima disketi kwenye mashini yake hakuwa salama: kosa lingine liliacha sehemu ile hai.

Fikiri maana yake kwa mtu aliyekodi. Umeweka daftari la wateja wa duka lako ndani ya serveri pepe. Umefunga kila mlango, umeweka neno la siri refu. Jirani usiyemjua, mpangaji wa chuma kile kile, anaongea na disketi ambayo haiko, ambayo hakuna aliyeiomba, na ukuta kati yenu unaanguka. Ukuta huo haukuwa prosesa. Prosesa ilifanya kazi yake vizuri: ilimnasa mgeni, ikamkabidhi. Aliyekosea ni yule aliyepokea karatasi na kuiga kifaa. Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba historia hii ni ya vifaa.

Amazon ilijibu kwa kisu. Mwishoni mwa 2018 ilitoa Firecracker, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, kwa ajili ya mashini pepe ndogo zinazowashwa kwa chini ya milisekunde 125, kwa hesabu yao wenyewe. Wakakata vifaa karibu vyote. Wakaacha mtandao na diski za virtio, zikikaa moja kwa moja ndani ya anwani za kumbukumbu bila hata PCI, njia ya mawasiliano kati ya mgeni na mwenyeji, na kibao cha kuandikia ujumbe. Na kibodi ya zamani, ile i8042 ya PC, wakaibakiza nusu: haiwezi kuandika herufi yoyote, inajua tu kuomba mashini iwashwe upya. Miaka zaidi ya thelathini ya kibodi, imebaki kitufe kimoja.

Mabadiliko ya mwisho ni makubwa kuliko hayo yote, na sijaona watu wengi wakiyaongelea katika lugha yetu. Mpaka hapa mwenyeji njo alikuwa na haki ya kumshuku mgeni. AMD, kwa SEV mwaka 2016 na SEV-ES mwaka 2017, ikageuza: mgeni anaweza kumshuku mwenyeji. Kumbukumbu ya mgeni inafungwa kwa siri, na rejista zake za prosesa zinafungwa pia kila anapotoka. Ni habari njema kwa anayekodi chuma cha mtu asiyemjua. Lakini rudi nyuma, ukumbuke hipavaiza ilivyokuwa inafanya mgeni anapoanguka shimoni: inaingia ndani ya kumbukumbu yake, inasoma agizo lake, inachukua namba kutoka rejista yake. Sasa kumbukumbu haisomeki na rejista hazionekani. Mtego unanasa, lakini aliyenaswa amefunikwa kichwa mpaka miguu.

Jibu lao limegeuza kazi nzima. Mgeni akigusa shimo, prosesa haimwiti tena hipavaiza. Inamwita mgeni mwenyewe, kwa mshituko mpya unaoitwa VC. Ni Linux ya mgeni inayochukua agizo lake yenyewe, inalisoma, inapima: ninataka kumwambia mwenyeji hili ao sitaki? Ikikubali, inaandika ombi kwenye ukurasa mmoja ulioachwa wazi kati yao wawili, anwani hii, baiti hizi, kisha inatoka kwa hiari yake na kungojea. Msaada huo kwa mgeni uliingia Linux 5.10, mwezi wa kumi na mbili 2020. Kazi ya kusoma maagizo ya mgeni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya hipavaiza peke yake, imehamia ndani ya nyumba ya mgeni, na ukurasa ule ulio wazi ni mahali pamoja ambapo bado wanaonana.